Dawa Imekwenda Wapi? Uchambuzi wa Kisa cha Polo la Chumvi Kaskazini mwa Pemba

Mwishoni mwa msimu wa kaskazi, siku chache kabla ya masika kuanza kupiga, wanawake wawili wa kikundi cha wazalishaji chumvi kutoka kaskazini mwa Pemba walinifuata skuli ninakosomesha kemia. Walikuja na mfuko mdogo wa chumvi na malalamiko mazito. Mnunuzi wao alikuwa amewarejeshea mapolo mawili ya kilo 50 kila moja, kwa sababu chumvi iliyochotwa juu ya polo ilipodondoshewa matone ya kupimia madini joto haikubadilika rangi hata kidogo, na mbele ya watu akawaambia kwamba wamemuuzia chumvi tupu.

"Mwalimu, dawa tumetia," alisema mwenyekiti wao. "Tumeipiga bomba kwa mikono yetu, polo moja moja, na wenzetu wanatazama. Sasa imekwenda wapi?"

Dawa anayoitaja ni iodeti ya potasiamu, unga mweupe unaoyeyushwa katika maji na kurashiwa chumvini ili mlaji apate iodini, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la madini joto. Umuhimu wake hauhitaji maelezo marefu kwa mtu wa Pemba. Mwili hutumia iodini kutengeneza homoni za tezi ya shingo. Ikikosekana, tezi huvimba ikawa rovu, na kwa mama mjamzito madhara humfikia mtoto akiwa bado tumboni, katika ubongo wake. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa skuli wa visiwa hivi ulionyesha kwamba upungufu wa Pemba ulikuwa mkubwa kuliko wa Unguja. Kwa hiyo tuhuma ya kuuza chumvi tupu si jambo dogo la soko, na wanawake wale waliichukulia kwa uzito unaostahili.

Nilianza kwa kupima chumvi waliyonichukulia, nayo haikutoa rangi. Kisha nikawaomba tufuatane hadi lilipo polo lenyewe, maana chumvi ya mfuko mdogo haisemi lolote kuhusu polo zima ikiwa hujui imechotwa wapi. Tulilikuta limesimama ukutani, juu ya sakafu ya saruji, na chini yake pana doa la unyevunyevu. Doa lile lilinifikirisha zaidi kuliko kitu kingine chochote nilichokiona siku ile. Tulilifungua polo tukachota juu, tukachota katikati, kisha tukalipasua mshono wa chini tukachota pale penye majimaji. Chumvi ya juu haikugeuka. Ya katikati ilitoa rangi ya zambarau hafifu, ya kutiliwa shaka. Ya chini, tone lilipoigusa tu, iligeuka buluu nzito inayokaribia weusi. Dawa ilikuwamo polini tangu mwanzo, imejikusanya chini, na kiasi fulani kilikuwa kimeshapita kwenye nyuzi za nailoni kikaingia sakafuni.

Mwenyekiti alitazama rangi ile kimya, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa bora kuliko langu: "Na kwa nini ishuke? Chumvi yenyewe haikushuka."

Kulijibu swali hili kunahitaji kwanza kukubali kwamba tunachokiita chumvi ya bahari si kitu kimoja. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo ikiwa ndani ya maji imeshagawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Kloridi ni gramu 19 na zaidi, sodiamu karibu gramu 10.8, salfeti gramu 2.7, magnesiamu gramu 1.3, kisha kalsiamu na potasiamu kila moja kiasi cha gramu 0.4, na bromidi kidogo sana. Maji yakianikwa juani, ioni hizi hazigandi kwa pamoja. Hutangulia kabonati ya kalsiamu, ikafuata jasi, na chumvi ya kupikia, sodiamu kloridi, huanza kuganda maji yakishapungua hadi kufikia takriban sehemu moja ya kumi ya ujazo wake wa awali. Magnesiamu hubaki majini muda wote huo. Ikiwa maji yatapunguzwa hadi sehemu moja ya arobaini, magnesiamu itakuwa imepanda kutoka gramu 1.3 hadi karibu na gramu 50 kwa lita, na maji yatakuwa mazito, ya utelezi mkononi na machungu ulimini. Wenyewe huyaita maji machungu, nalo ni jina sahihi kabisa.

Tofauti kati ya sodiamu na magnesiamu iko katika jinsi kila moja inavyoyashika maji. Molekuli ya maji ina upande wenye uhasi kidogo, penye oksijeni, na upande wenye uchanya kidogo, penye hidrojeni. Ioni chanya ikiingia majini, molekuli za maji huizunguka zikiielekezea upande wa oksijeni, kana kwamba inavaa vazi la maji. Sodiamu ina chaji moja, na nusu kipenyo chake ni takriban nanomita 0.10. Magnesiamu ina chaji mbili zilizobanwa katika mwili mdogo zaidi, nanomita 0.07. Kwa sababu hiyo nishati inayotoka magnesiamu inapovikwa maji ni karibu mara tano ya ile ya sodiamu, na molekuli sita zinazoizunguka kwa karibu hazibanduki upesi. Molekuli iliyo jirani na sodiamu hubadilishana nafasi na nyingine ndani ya sehemu ya bilioni moja ya sekunde hivi, na ile iliyoshikwa na magnesiamu hukaa maelfu ya mara zaidi ya muda huo kabla ya kuachiwa.

Polini, tofauti hiyo hudhihirika kama unyevu. Sodiamu kloridi iliyo safi huanza kulowana pale unyevu wa hewa unapofikia karibu asilimia 75. Magnesiamu kloridi huanza kuvuta maji kutoka hewani kwenye asilimia 33 tu. Hewa ya visiwa vyetu ni nadra sana kushuka chini ya asilimia 33, na usiku, hasa karibu na masika, huipita hata ile 75. Punje ya chumvi iliyovunwa ikiwa bado imelowa maji machungu hubaki na utando mwembamba wa magnesiamu kloridi juu yake, na utando huo hauwezi kukauka hapa kwetu. Kila siku huongeza maji kutoka katika hewa, ukanenepa, hadi uzito wake mwenyewe uutelezeshe kutoka punje moja hadi iliyo chini yake.

Iodeti nayo imekaa wapi? Hili ndilo jambo ambalo watu wengi wanaorashia dawa hawajaelezwa. Dawa hairashiwi ndani ya punje. Punje imeshaganda, sodiamu na kloridi zimepangika kwa zamu kama matofali, na ioni kubwa yenye umbo la iodeti haina nafasi humo. Inabaki juu ya uso wa punje, katika utando uleule wa maji. Polo moja la kilo 50, ikiwa lengo ni miligramu 30 za iodini kwa kila kilo, linahitaji gramu 1.5 za iodini, ambazo ni kama gramu 2.5 za iodeti ya potasiamu, yaani kiasi kidogo kuliko kijiko kimoja cha chai. Maji ya 25°C huweza kuyeyusha takriban gramu 9 za iodeti katika kila mililita 100. Hivyo nusu kikombe cha unyevu uliovutwa na magnesiamu chatosha kuiyeyusha dawa yote ya polo zima na kuondoka nayo. Chumvi haikushuka kwa sababu imo ndani ya punje, na maji ya utando yameshashiba sodiamu kloridi kiasi kwamba hayawezi kuyeyusha nyingine. Dawa ilishuka kwa sababu imo katika utando unaotembea.

Nilipolieleza jambo hili, zilitoka hoja tatu, nami naziandika kwa sababu nimezisikia pia kwa watu wenye elimu.

Ya kwanza ni kuongeza dawa maradufu. Ikiwa ya juu imekosa, basi tutie nyingi ili ipate. Lakini polo linalovuja dawa litaivuja na hiyo ya ziada. Chukulia kwamba nusu ya iodeti ya polo imekusanyika katika sehemu moja ya tano ya chini: chumvi ya hapo itakuwa na miligramu 75 kwa kilo mahali pa 30, na ukitia maradufu itakuwa na 150, ilhali anayenunua kibaba cha juu bado hapati kitu. Nyumba moja itakosa na ya pili itazidishiwa, zote zimenunua polo moja.

Hoja ya pili ilitoka kwa mzee anayesimamia madimbwi, ambaye ndiye mwalimu wa kweli wa kazi hii pale. "Mwanangu," aliniambia, "chumvi yetu inatoka baharini, na bahari si ndiyo yenye madini joto? Tunaihangaikia ya nini hiyo ya paketi?" Nilimjibu kwa hesabu, maana heshima yake haistahili jibu la juujuu. Ni kweli bahari ina iodini, lakini ni kama miligramu 0.06 tu kwa lita. Kupata kilo moja ya chumvi unahitaji takriban lita 37 za maji ya bahari. Hata kama iodini yote ya lita hizo ingeingia katika chumvi bila kupotea chembe, ingekuwa miligramu 2.2 kwa kilo, na mtu anayekula gramu 10 za chumvi kwa siku angepata mikrogramu 22, ilhali mtu mzima anahitaji mikrogramu 150. Na kwa kweli haiingii yote: iodini ya bahari, sawasawa na magnesiamu, hubaki katika maji machungu wakati sodiamu kloridi inaganda. Mzee alizirudia hesabu zile kwa vidole vyake, kisha akasema: "Basi bahari imetunyima." Sikuwa na la kuongeza. Kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote chaweza kuwa na watu wenye rovu, na sababu yake ndiyo hiyo.

Hoja ya tatu ilitolewa na kijana msomi wa kikundi, aliyependekeza kwamba badala ya iodeti watumie iodidi ya potasiamu, ambayo huyeyuka kwa wepesi zaidi na hubeba iodini nyingi zaidi kwa gramu. Pendekezo hili ndilo linalonigusa zaidi kielimu, kwa sababu ioni hizi mbili zina iodini ileile lakini tabia zao majini, na hasa kwenye uso wa maji, zimepishana sana.

Kwa muda mrefu wanasayansi walidhani kwamba ioni zote hukimbia uso wa maji. Mwaka 1934, Onsager na Samaras walikokotoa jinsi chaji inavyosukumwa kutoka mpaka wa maji na hewa kurudi ndani, na hesabu yao ililingana na ukweli kwamba kutia chumvi majini huongeza kidogo mkazo wa uso wake, yaani jinsi uso wa maji unavyojivuta kama ngozi. Hata hivyo palikuwa na ishara za zamani kwamba ioni zenye chaji sawa hazifanani. Huko Prague mwaka 1888, Hofmeister alizipanga chumvi mbalimbali kwa uwezo wake wa kuzigandisha protini za yai, akaona kwamba mpangilio hautegemei chaji peke yake. Salfeti ilikuwa upande mmoja, na baadaye iodidi ilijulikana kuwa upande wa pili. Kisha mwaka 2001, Jungwirth na Tobias, kwa kutumia kompyuta kufuatilia mwendo wa molekuli, walionyesha kwamba ioni hasi kubwa na laini, kama bromidi na zaidi iodidi, hazikimbii uso. Hupenda kukaa palepale maji yanapokutana na hewa. Iodidi ni kubwa, wingu lake la elektroni hupindika kwa urahisi, na vazi lake la maji limelegea, hivyo haipotezi kitu kikubwa ikiachwa nusu wazi kwenye uso.

Iodidi katika utando wa chumvi yenye unyevu imekaa mlangoni. Oksijeni ya hewa, mwanga wa jua na kutu kidogo ya koleo hutosha kuigeuza kuwa iodini yenyewe, ambayo hugeuka mvuke upesi na kutoroka. Jambo hilihili hutokea baharini kwa ukubwa wake: ozoni ya hewa hukutana na iodidi kwenye uso wa maji, na iodini huruka kwenda angani. Iodeti haina tabia hiyo. Atomi yake ya iodini imezungukwa na oksijeni tatu, imeshanyang'anywa elektroni ambazo oksijeni ya hewa ingezitaka, na upande wa iodini wenyewe huvuta maji kama ioni chanya inavyovuta, kinyume na mtu atakavyotarajia kwa ioni hasi. Iodeti hupenda kuwa ndani ya maji. Ndiyo maana nchi zenye joto na unyevu, ambako chumvi haijasafishwa sana, hushauriwa kutumia iodeti. Ila sifa hiyohiyo ya kushikamana na maji ndiyo iliyoisafirisha hadi chini ya polo. Iodidi ingepotelea hewani. Iodeti ilipotelea sakafuni. Kati ya hasara hizo mbili, ya pili inazuilika, kwa sababu ukiuzuia utando usitembee, iodeti haina kwa kwenda.

Basi kosa tulilitafuta madimbwini, na mzee hakuficha. Msimu ule, kila bamvua lilipojaza maji mapya, yaliachiwa yaingie juu ya maji machungu ya mavuno yaliyopita, bila ya hayo ya zamani kumwagwa. Sababu yake ilikuwa na mantiki: "Yale maji yana chumvi bado, kuyamwaga ni hasara." Ni kweli chumvi ilikuwamo, lakini kwa kila mzunguko magnesiamu iliongezeka, hadi punje zikawa zinagandia ndani ya maji yaliyo mazito kwa uchungu. Tena chumvi ilirashiwa dawa siku ileile ya kuvunwa, ingali yachuruzika, kwa kuwa mnunuzi alikuwa na haraka na wao pia waliihofia mvua. Simlaumu mtu kwa hilo. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba uchungu wa maji na uhai wa dawa ni jambo moja.

Marekebisho yalianza na kujua wakati wa kumwaga. Yai, linaloaminiwa na wengi, halisaidii hapa, kwani huelea mapema mno, hata kabla chumvi haijaanza kuganda. Kipimo cha kuelea cha kiwandani hawakuwa nacho. Tuliamua kutumia chupa ya lita moja na mizani ndogo ya jikoni. Tuliijaza chupa maji ya mvua, tukatia alama pale yalipotimia gramu 1,000 bila uzito wa chupa. Kisha maji ya dimbwi yakijazwa hadi alama hiyo hupimwa. Yakifika gramu 1,210 hivi, chumvi inakaribia kuganda. Yakifika 1,250, uvunaji umekwisha na maji hayo lazima yaondoke, hata kama jicho linaona chumvi bado imo. Tuliafikiana pia yasimwagwe yote mahali pamoja kwenye mikoko, bali yaachiwe kidogo kidogo wakati bamvua linatoka, ili hori liyachanganye.

Hatua iliyofuata wanawake waliitilia shaka kuliko zote, nayo ni kuiosha chumvi. Kuosha chumvi kwa maji ni kuiyeyusha, na ni haki yao kushangaa. Lakini maji ya dimbwi ambayo ndiyo kwanza yanataka kuganda yameshashiba sodiamu kloridi na hayana uwezo wa kuyeyusha zaidi, ilhali magnesiamu yake ni ndogo sana kuliko ile ya utando. Ukiyamwagia juu ya lundo, huusukuma utando mchungu na kukaa mahali pake, na chumvi hupungua kidogo mno. Lundo lililooshwa liliwekwa juu ya chanja ya miti ya mvinje iliyoinamishwa upande mmoja, likafunikwa makuti, likaachwa lichuje kwa siku kadhaa. Dawa ilirashiwa baada ya hapo tu, chumvi ikisambazwa kwa unene mdogo na kugeuzwa kwa koleo la mbao, kisha ikafungwa katika mapolo yenye mfuko wa plastiki ndani.

Kabla hawajaingia gharama hiyo, nilifanya jaribio dogo nyumbani: visahani viwili barazani, kimoja cha chumvi iliyooshwa na kuchujwa, kimoja cha chumvi ya zamani. Asubuhi ya pili, chumvi ya zamani ilikuwa inaogelea na iliyooshwa ilikuwa na unyevunyevu tu. Mwenyekiti alivichukua visahani vyote viwili akaenda navyo kwa wenzake, na nafikiri ndivyo vilivyowashawishi, si maneno yangu.

Polo la kwanza la utaratibu mpya tulilifungua wiki sita baadaye, masika yamepamba moto. Chumvi ya juu iligeuka buluu kwa tone la kwanza, ya katikati vilevile, na ya chini ilikuwa nzito kidogo kuliko zote mbili, si kwa tofauti ya kutisha. Mwenyekiti hakuridhika na matone. Aliuzamisha mkono wake wote hadi chini kabisa ya polo, akautoa, akautazama kiganja, na ulikuwa mkavu.